Mume Mwenzangu wa Markham

Markham, 11 Septemba 1994

Fundi wangu mpenzi,

Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo, na Wakanada wanasema bado ni majira ya joto. Sijui wewe unakula nini. Najua unakula ugali na dagaa kila siku na kumwambia mama kwamba umeshiba.

Nimepata ile kazi. Nimehama kwa Joyeuse, yule Mrundi wa kanisani aliyenipokea kule Malvern, na sasa ninaishi Markham, nyumba kubwa ya peke yake, mtaa ambao kila mtu ana gari na hakuna anayetembea kwa miguu. Nimhudumie mzee, nilale humohumo. Masharti unayajua: nikimaliza miaka miwili ya kazi ya namna hii ndipo naruhusiwa kuomba ukaazi, na nikipata ukaazi ndipo nakuita wewe. Kwa hiyo hii nyumba, Fundi, ndiyo mlango wetu.

Sasa sikia. Mzee mwenyewe anaitwa Madatali, na ni wa Mwanza! Mhindi wa Mwanza, kazaliwa pale, kauza vipuri vya baiskeli pale mpaka walipohamia huku mwaka sabini na mbili. Nilipomwambia nimetokea wapi alipiga kelele mpaka binti yake Noorbanu akaja mbio akidhani nimemwangusha. Miguu haimtii tena, yuko kwenye kiti cha magurudumu, lakini mdomo uko kazini. Siku ya pili tu akaniita: "Mke wangu, chai yangu iko wapi?" Nikamjibu: "Mume wangu, vaa meno kwanza." Kama nilivyokuwa na babu yangu kule Bukumbi, Mungu amrehemu. Nyumba imekuwa na raha.

Na ajabu zaidi: huyu mzee alitengeneza ndege ya kivita! Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza kusomea uchoraji wa mitambo, kiwanda kimoja kikamwajiri, na walikuwa wanaunda ndege ya jeti ya jeshi la majini, ya kuruka na kutua juu ya manowari. Mabawa yake yanakunjwa juu ili iingie kwenye lifti ya meli. Waliiita Mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki. Zilitengenezwa mbili tu za kujaribia. Moja ilikosa kunasa waya wa kuisimamisha kwenye sitaha ikaingia baharini, rubani akaokolewa. Ya pili ilikatwa vipande ikauzwa chuma chakavu, na jeshi likachagua ndege ya kiwanda kingine. Mzee akarudi Mwanza kuuza minyororo ya baiskeli.

Juzi tulimpeleka ufukweni mwa ziwa kutazama maonyesho ya ndege. Zile jeti zilipopita watu wote wakainua vichwa, yeye akaniambia nimgeuze atazame ukuta. Anazionea wivu, Fundi! Miaka yote hiyo! Jioni akanieleza kuhusu Mnandi toka mwanzo mpaka mwisho na sikuchoka hata kidogo.

Wako asiyekusahau,
Asumpta


Mwanza, 2 Oktoba 1994

Mke wangu Asumpta,

Barua yako nimeipata nikiwa chini ya ndege ya Cessna, mikono yote grisi, nikaisomea hapohapo. Sisi wazima. Mama anakusalimu. Dagaa ni kweli.

Nimefurahi kwa kazi. Nimefurahi kwa mzee wa Mwanza. Hilo la "mke wangu" ni la kawaida, hata mimi nyanya yangu alikuwa ananiita mume wake na kunidai kanga. Hayo sina neno nayo.

Neno nililo nalo ni hili. Tumekaa pamoja miaka mitatu. Kila jioni nilikuwa narudi kutoka uwanja wa ndege nikitaka kukueleza habari za injini, na wewe kabla sijafika kwenye kabureta ulikuwa umeshalala. Siku ile nilipogundua ufa kwenye mguu wa ndege ya wauguzi wa Bukoba, ambao marubani wawili hawakuuona, nilikuja kukusimulia mbio, na ulisema, "Vizuri, umenunua chumvi?" Leo mzee wa watu anakueleza ndege kutoka mwanzo mpaka mwisho na hukuchoka hata kidogo. Hata kidogo! Umeandika hivyo kwa mkono wako.

Tena ndege yenyewe ipi? Mbili tu, moja iko chini ya bahari na nyingine imekuwa sufuria. Mimi ndege zangu zinaruka kila siku na zinarudi.

Na mwulize huyo mchoraji wako: bawa linalokunjwa lina bawaba, na bawaba lazima ifungwe kwa pini. Kama pini zinasukumwa na mafuta yenye presha, siku bomba likipasuka angani, nini kinazuia bawa lisijikunje na rubani yumo? Mwulize uone kama atakosa la kusema.

Mume wako, na nasema mume,
Polycarp


Markham, 30 Oktoba 1994

Fundi mwenye kisirani,

Nimecheka, na kikohozi changu hiki cha baridi, mpaka Noorbanu akagonga mlango. Wivu wa nini? Mzee ana miaka karibu sabini na meno yake yanalala kwenye glasi.

Swali lako nimempelekea. Mara ya kwanza alikasirika, akasema nani huyu anayetaka kumfundisha bawaba. Nikamwambia ni mume wangu wa kwanza, fundi wa ndege Mwanza. Akataka penseli. Mkono unatetemeka lakini ukishika penseli unatulia, sijui inakuwaje. Mchoro nimeutia humu ndani. Anasema: "Mwambie mume mwenzangu, mafuta yanasukuma pini tu. Ikishaingia, kuna kabari ya chuma inayoiangukia nyuma, hata mafuta yakiisha yote pini hairudi."

Na akanionyesha kazi yake mwenyewe. Katika ndege nzima, Fundi, yeye alichora kitu kimoja: kibendera chekundu cha bati, kidogo kama kijiko cha chai, kinachotokeza juu ya bawa. Pini haijaingia sawasawa, kibendera kimesimama, na rubani anakiona toka alipokaa. Pini ikiingia, kinalala. Wengine walitaka taa, yeye akawaambia taa inaungua na kukudanganya, lakini kibendera kimeshikana na pini yenyewe. Kimoja anacho, kakiweka mezani karibu na dawa zake. Anasema Mnandi haikuanguka kwa sababu ya bawa, kulabu ya mkiani ndiyo iliyoruka waya, na hayo yalikuwa ya chumba kingine cha wachoraji. Analisema hilo kila siku.

Nami nimekuwa mwanafunzi wake. Najua sasa kulabu, sitaha, kabari. Noorbanu anapita na kikombe chake, anasimama mlangoni, anasikiliza. Kiswahili anakisikia, alikiacha akiwa mtoto, ila baba akimsemesha anajibu, "Papa, English, please," na anapanda juu. Ananitazama vibaya kidogo. Nadhani ni uchovu wa barabarani, maana anaendesha gari mbali kwenda kazini.

Asumpta wako


Mwanza, 20 Novemba 1994

Asumpta,

Mchoro umefika. Nimeubandika karakana. Kabari ile ni ya akili, sikatai. Lakini mwambie Mzee Madatali haya:

Kabari ikiangukia pini, siku ya kukunja bawa inainuliwa na nini? Kama ni mafuta yaleyale, basi mafuta yakienda njia isiyo yake itajiinua angani, na tumerudi palepale. Au ina bomba lake? Halafu maji ya chumvi. Meli iko baharini, bawaba inakula chumvi usiku na mchana, walipaka nini? Na kile kibendera, kijiti chake kinapita wapi bila kudhoofisha bawa? Hapo mchoro wake umekata, sioni. Anichoree upande wa chini, na avute mistari yenye vipimo. Kulabu pia nataka kujua, hata kama ilikuwa ya chumba kingine. Bila shaka ilikuwa inadunda. Kitu kikidunda kinaruka waya. Wangeweka kizuizi.

Ajibu upesi. Hapa hakuna mtu wa kuzungumza naye mambo haya, vijana wa siku hizi wanabadilisha kifaa bila kujua kinafanya nini.

Msalimie, lakini si sana.

Polycarp


Markham, 18 Desemba 1994

Ndugu Fundi Polycarp,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jina langu. Nimelikuta juu kabisa, na baada ya hapo ni chumvi, kijiti na kulabu. Hukuniuliza kama nimepona kikohozi. Hukuniuliza Krismasi nitakula na nani. Hata "wako" hukuandika, umetia sahihi kama unapokea mzigo wa vipuri.

Nimempelekea mume mwenzako maswali yako. Amefurahi kama mtoto. Amekaa siku nzima mezani na hakutaka nimsomee gazeti wala nimtembeze. Majibu haya hapa, kurasa nne. Mimi sasa kwenu ni posta. Oaneni nyinyi wawili, mimi nitawapikia pilau.

Ila kwa kuwa kuna mtu mmoja hapa anayejua kwamba nina mwili na unasikia baridi, nikuambie: mzee aliona koti langu la mtumba, akamwagiza Noorbanu ashushe koti la sufu la marehemu mke wake. Noorbanu alilileta amelikaza mikononi. Mzee akanivalisha mwenyewe, akiwa amekaa, nikainama. Akasema, "Sasa umekuwa mke wangu kamili." Koti refu, lina vifungo vya pembe. Nalivaa kila ninapokwenda kanisani Scarborough, na watu kwenye basi wananipisha.

Heri ya Krismasi kwako na kwa Cessna yako.

Asumpta


Mwanza, 8 Januari 1995
(kadi ya posta)

Mzee Madatali, shikamoo.

Nasikia umemvisha mke wangu koti. Meno huna, miguu huna, ndege huna, sasa mke unamtakia nini? Nakuonya mimi mwenye mali. Nikifika huko nitakutoa kwenye hicho kiti nikuzamishe ziwani kama ile Mnandi yako, na hiyo nyumba tutairithi mimi na Asumpta. Kufa upesi tusichelewe.

Mume mwenzako,
Polycarp, Mwanza


Markham, 2 Februari 1995

Bwana Polycarp,

Jina langu ni Noorbanu Madatali. Kiswahili changu nilikiacha Mwanza nilipokuwa na miaka kumi. Nisamehe makosa.

Kadi yako imekuja. Nimeisoma mimi kwanza, kwa sababu barua zote za baba napokea mimi. Nimeisoma mara nyingi na kamusi.

Baba yangu anamwita mfanyakazi wangu "mke wangu". Anamwita hivyo mbele ya shangazi zangu. Nilijiambia ni uzee. Halafu akampa koti la mama yangu. Nililileta mimi mwenyewe. Sasa wewe, mume wake wa kweli, unaandika kwamba utamzamisha baba yangu majini na kuchukua nyumba yake. Unamwambia afe upesi.

Mimi nataka kujua. Mlipanga pamoja? Ninyi mnataka nini kwa mzee mgonjwa?

Nimemwambia Asumpta aondoke mpaka nipate jibu. Kama jibu halifiki mwisho wa Machi, au si jibu la kweli, nitapeleka kadi hii kwa watu wa uhamiaji, wao waamue.

Noorbanu Madatali


Malvern, 4 Februari 1995

Polycarp,

Nakuandikia kutoka kwa Joyeuse, nimelala kwenye kochi lake na mizigo yangu iko barazani. Noorbanu amenitoa. Aliniita jikoni, akaweka kadi yako juu ya meza, akaniuliza kwa Kiingereza kama naijua hiyo hati ya mkono. Nikasema ndiyo. Nilijaribu kumweleza utani wa babu na mjukuu, akaniambia, "He is not your grandfather." Kweli si babu yangu. Maneno anayaelewa, mazoea yenyewe hayajui. Waliondoka Mwanza kabla hajapata akili ya kuona watu wanavyotaniana, na baba yake hakumfundisha.

Mzee hakuambiwa. Nilipoondoka alikuwa anachora kulabu, ya kukutumia wewe. Aliniambia nisichelewe kurudi.

Ujue tunapoteza nini. Sijafika hata nusu ya miaka miwili. Mtu aliyetolewa kwenye nyumba kwa tuhuma ya kutaka kumrithi mgonjwa hapati nyumba nyingine. Na kadi ikifika uhamiaji narudishwa, na wewe utaishia kuziona ndege za Kanada kwenye kalenda.

Sasa niambie ukweli, maana maneno ya kadi ni ya utani, hata babu yangu angecheka. Lakini niliishika mkononi. Kalamu ulivyoikandamiza, kwenye neno "mke wangu" kadi imetoboka. Mtani hatoboi kadi.

Ilikuwa utani au haikuwa?

Asumpta


Mwanza, 26 Februari 1995

Kwa Bi Noorbanu,

Naandika taratibu na kwa maneno mepesi, nawe ukikwama mwulize mtu mzima wa kwetu, wako wengi huko.

Kwetu babu na mjukuu wa kike wanaitana mume na mke. Mzee anamwambia binti, "Mke wangu, umenipikia nini?" Binti anamjibu, "Mume wangu mzembe, umeniletea nini?" Wanatukanana meno na mvi na wote wanacheka. Ni kwa sababu hakuna jambo lolote linaloweza kuwapo kati yao, kwa hiyo mdomo uko huru. Baba yako alikulia Mwanza katikati yetu, anajua. Alipomwita Asumpta mke wake siku ya pili, alikuwa anamwambia: nimekufanya mjukuu. Na mimi niliye na mke huyo kweli, kazi yangu ni kugombana naye, kumtisha, na kuulizia urithi. Nisipofanya hivyo ni dharau.

Hiyo ndiyo kadi. Lakini umetaka jibu la kweli. Maneno yalikuwa ya utani, mkono ulikuwa na hasira. Nilimwonea wivu baba yako. Sikumwogopa kama mwanamume. Nilimwonea wivu kwa kuwa mke wangu anakaa mbele yake akimsikiliza. Asumpta hakupanga lolote. Hakujua hata kama nimeandika. Kama kuna wa kuadhibiwa, ni mimi, na mimi niko mbali, huna la kunifanya.

Usiniamini mimi. Jaribu hivi: msomee baba yako kadi hiyo kwa sauti, kwa Kiswahili, kama ilivyo. Usimweleze kitu. Akiogopa au akikasirika, nimekosa, ipeleke uhamiaji. Akicheka, mrudishe mke wangu kazini.

Polycarp


Mwanza, 26 Februari 1995

Asu,

Nusu ilikuwa utani. Nusu haikuwa.

Nilianza kuiandika nikicheka. Nilipofika kwenye koti sikucheka tena. Mimi nilikuacha upande ndege na koti la mtumba, kwa kuwa ndilo nililopata sokoni, na nilikuambia linatosha. Mwenzangu amekuvisha la sufu.

Na barua zile za chumvi na kulabu, unazosema sikukuuliza kikohozi: nilikuwa nataka kumshinda. Nilitaka umpelekee swali asiloweza kujibu, urudi kwangu useme, "Fundi, kweli wewe unajua." Kila swali akajibu, na kila jibu lilikuwa zuri. Hapo katikati nikaanza kumpenda yule mzee, nikakusahau wewe uliyesimama kati yetu umebeba karatasi. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko kadi.

Kikohozi kimepona?

Wako, wako, wako,
Polycarp


Markham, 26 Machi 1995

Fundi wangu,

Ona nimeandikia wapi. Markham!

Noorbanu alikuja mwenyewe Malvern Jumamosi, theluji inaanguka, akapanda mpaka kwa Joyeuse akiwa na barua yako na kadi mkononi. Hakuvua koti. Joyeuse akamletea chai, hakuigusa. Akanieleza.

Alikuwa amemsomea baba yake kadi mezani. Kiswahili chake unakijua, kila neno alilitoa kama jiwe kwenye mchele. Alipofika "meno huna, miguu huna, ndege huna" mzee alikuwa ameshika kijiko hewani. Akafika "nikuzamishe ziwani". Mzee akaweka kijiko chini. Noorbanu anasema hapo moyo wake ulishafikia hukumu. Akamaliza: "Kufa upesi tusichelewe."

Mzee akaangua kicheko, Fundi. Alicheka mpaka meno yakatoka yakaingia kwenye mchuzi. Akapiga meza. Akasema, "Huyu mshenzi! Huyu ni mtu wa nyumbani kabisa!" Akataka karatasi akujibu matusi papo hapo, halafu akauliza, "Na mke wangu yuko wapi, mbona siku zote hizi hayupo?" Noorbanu alikuwa amemwambia nimekwenda likizo.

Nilidhani ataomba radhi. Hakuomba. Alikaa na chai yake iliyopoa, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole: "Baba hajacheka na mimi hivyo tangu mama afe. Yeye anacheka na wewe kila siku, na mimi nasikia nikiwa juu. Nilikuwa na wivu. Basi." Machozi yakamtoka. Nami yakanitoka, na Joyeuse ambaye haelewi hata tunalilia nini naye akalia.

Nilimwambia hivi: kama mimi ni mke wa baba yako, basi wewe ni mwanangu, na mwanangu hakai kwenye koti lililolowa, vua. Alishtuka. Halafu, mimi sijawahi kumwona huyu mtu akicheka, akatabasamu upande mmoja. Jumatatu asubuhi nilishuka jikoni nimechelewa kidogo, nikamkuta kasimama na kikombe chake cha kwendea kazini. Akasema: "Mama, umechelewa." Kwa Kiswahili! Na siku hizi jioni hapandi juu, anakaa. Baba anamfundisha matusi.

Kadi haikwenda popote. Mzee ameiweka kwenye fremu.

Sasa wewe. Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Kikohozi kimepona. Na nikuambie jambo ambalo ungelijua kama ungeniuliza badala ya kuuliza chumvi: kwa nini sikulala mzee akinisimulia Mnandi. Ni kwa sababu kila alipotaja bawa nilikuona wewe chini ya ndege na mgongo wako wenye grisi. Nilikuwa nawasikiliza nyote wawili kwa pamoja. Kule nyumbani nilikuwa nachoka, nilikuwa natoka zamu hospitali. Huku nimekukosa, ndiyo maana nina masikio.

Umefungiwa kile kitu chekundu cha bati humu ndani. Mzee anasema: "Mpe mume mwenzangu. Mimi pini yangu imeshaingia." Noorbanu alitaka kibaki, akakubali. Nami nakuongezea sharti langu: siku nyingine ukishikwa na wivu, kisimamishe, uniandikie mimi. Usimwandikie mtu mwingine.

Wako, na koti lipo,
Asumpta


Mwanza, 17 Aprili 1995

Asu, mke wangu,

Kibendera kimefika salama, kimezungushiwa soksi ya mzee. Nimekitazama kwa kioo cha kukuzia. Kona zake zimepigwa tupa kwa mkono. Mwambie hajawahi kutokea fundi kama yeye, kisha umwambie nimesema ni kazi ya mtoto, asije akavimba kichwa.

Vijana wa karakana wameuliza kimetoka kwenye ndege gani. Nikawaeleza Mnandi, toka mwanzo mpaka mwisho. Wawili walilala.

Nyumbani nimekipigilia kwenye fremu ya mlango, upande wa ndani, na bawaba yake ndogo, kinasimama na kulala vizuri. Mama ameniuliza ni cha nini. Nimemwambia ni cha mlango kuonyesha kama umefungwa sawasawa. Akaujaribu mlango, akasema mbona umefungwa, na mbona kibendera kimesimama.

Nikamwambia kiache hivyo hivyo, mama, pini yetu bado haijaingia.

Wako,
Polycarp